Maswali ya wasomaji: Moshi wetu unafanya nini mawinguni?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo ambalo kwa muda mrefu limekaa pembeni mwa mazungumzo ya tabianchi, yaani uhusiano wa hewa chafu na mawingu. Tumechagua tano.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kitabu chetu kinasema kwamba wingu hutokea mvuke unapopanda juu na kupoa. Hakitaji moshi wala vumbi popote. Moshi unaingiaje katika habari ya mawingu?

Marahaba, mwanangu. Kitabu chako hakikukosea, ila kimeacha nusu ya habari. Mvuke unaopoa katika hewa isiyo na chembe yoyote haugeuki kuwa maji kwa urahisi, kwa sababu molekuli za maji zinapokutana hutawanyika tena kabla hazijawa nyingi za kutosha kufanya kitone. Ili vitone vijifanye vyenyewe, ingebidi hewa ibebe mvuke mara kadhaa zaidi ya kiwango chake cha kushiba, na hali hiyo haitokei angani. Mvuke unahitaji mahali pa kushika. Inaweza kuwa punje ya chumvi iliyorushwa na mawimbi ya bahari, chembe ya vumbi la jangwani, chembe ya salfa iliyotokana na makaa ya mawe, au moshi wa msitu unaoungua. Ikiwepo chembe ya namna hiyo, hasa ile inayovuta maji, hewa ikipita kiwango cha kushiba hata kwa chini ya asilimia moja, kitone kinaanza kukua juu yake.

Jambo hili unaweza kulishuhudia kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Tia maji ya uvuguvugu kidogo, yafunike chini ya chupa tu, funga kizibo, tikisa, kisha ibinye chupa kwa nguvu na uiachie ghafla. Utaona kidogo sana, au hutaona kitu. Sasa mwombe mtu mzima awashe njiti ya kibiriti, aizime, na kuuelekeza moshi wake mdomoni mwa chupa hadi uingie kidogo. Funga tena, binya, achia. Mara tu unapoachia, hewa iliyomo inatanuka na kupoa, na chupa nzima inajaa ukungu mweupe. Ukiibinya tena ukungu unatoweka, ukiiachia unarudi. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi mbele ya watoto na watu wazima, na bado hunishangaza kwamba moshi wa njiti moja, ambao ndani ya chupa hauonekani kabisa, unatosha kuzaa wingu.

Mskochi John Aitken alifanya jaribio la aina hiyo mwaka 1880 kwa kutumia vyombo viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa na hewa ya kawaida, na kingine hewa iliyochujwa kwa pamba. Alipoingiza mvuke, chombo cha hewa ya kawaida kilijaa ukungu, na kile cha hewa iliyochujwa kilibaki wazi. Mfaransa Paul-Jean Coulier alikuwa ameona jambo hilo hilo miaka michache kabla yake. Tangu hapo imejulikana kwamba kila kitone cha wingu kina chembe iliyokianzisha. Chembe hizo ni ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na ndiyo maana upepo huzibeba mbali sana na mahali zilikotoka.

Hapo ndipo moshi wetu unapoingia. Katika wingu lililo juu ya bahari safi, sentimita moja ya ujazo, ambayo ni nafasi ndogo kama dadu, huwa na vitone makumi kadhaa hadi mia hivi. Katika hewa iliyochafuliwa, nafasi hiyo hiyo huweza kuwa na mamia mengi. Maji hayakuongezeka; kilichoongezeka ni mahali pa kushika. Ukilishika jambo hili moja, majibu yanayofuata yatakuwa mepesi kwako.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mimi ni mkulima, na siku hizi naona mawingu yanatanda kutwa nzima kisha yanapita bila kudondosha kitu. Jirani yangu anasema ni moshi wa viwanda. Je, ana hoja?

Ana hoja, ingawa hawezi kuitumia kwa kila wingu linalopita shambani kwako.

Fikiria urithi mmoja. Ukigawiwa warithi watano, kila mmoja anapata cha kuanzia maisha. Ukigawiwa warithi mia, kila mmoja anaondoka na kidogo kisichomfikisha mbali. Ndivyo maji ya wingu yanavyogawanywa. Kitone cha kawaida cha wingu kina upana wa takriban sehemu mbili za mia za milimita, na tone la mvua la milimita mbili limebeba maji ya vitone kama hivyo milioni moja. Vitone hukua kufikia ukubwa wa mvua kwa kugongana na kuungana, na vinagongana vizuri pale ambapo baadhi yake vimeshakuwa vikubwa, vinaanguka haraka kuliko vingine na kuvizoa vilivyo chini. Hewa ikijaa chembe za moshi, vitone vyote huwa vidogo na karibu sawa kwa ukubwa, huelea pamoja bila kukutana, na wingu linaweza kusafiri mbali au kukauka kabla halijatoa tone. Mwaka 1989 mwanasayansi Bruce Albrecht alieleza kwamba mawingu ya chini juu ya bahari, yakinyimwa manyunyu kwa njia hii, yanaweza pia kudumu kwa muda mrefu zaidi.

Nimesema mawingu ya chini kwa makusudi. Mawingu marefu ya radi yana mambo mengine. Vitone vidogo vikichelewa kunyesha hubebwa juu hadi kwenye baridi ya kuganda, na barafu hiyo inaweza kubadili nguvu ya dhoruba yenyewe, wakati mwingine kwa kuiongeza. Juu ya hilo wataalamu bado wanavutana. Kisha kuna masizi, zile chembe nyeusi za moshi wa dizeli, wa kuni na wa mashamba yanayochomwa, ambazo hunyonya jua na kuipasha moto hewa iliyozizunguka. Wingu lililo kati yake linakauka. Mwaka 1999 watafiti wa mataifa mbalimbali waliupima utando wa kahawia uliotanda juu ya sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Hindi, na wakaona jinsi moshi wa aina hiyo unavyopunguza jua linalofika baharini huku ukiipasha hewa iliyo juu yake. Bahari ikipata jua kidogo, mvukizo wake nao unapungua, na mvukizo wa bahari ndio mtaji wa mvua.

Athari hii huweza kuvuka mabara. Ukame mkali wa Saheli, ule ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini hesabu za tabianchi zinaonyesha kwamba salfa iliyotoka katika viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini ilichangia. Iliipoza Atlantiki ya Kaskazini ikilinganishwa na bahari za kusini, na mkanda wa mvua wa tropiki, ambao hufuata upande wenye joto, ukasogea kusini. Waliokosa mvua hawakuwa wenye mitambo iliyotoa moshi ule. Naona ni haki jambo hili litajwe kila mara inapozungumzwa nani ameathiriwa na nani.

Hata hivyo, ndugu yangu, wingu moja lililopita bila kunyesha haliwezi kuwa ushahidi dhidi ya kiwanda fulani. Mara nyingi sababu ni hewa kavu iliyo juu ya wingu, au upepo usiopanda vya kutosha. Athari ya moshi huonekana mtu anapojumlisha mawingu mengi kwa miaka mingi.

Nimekuwa baharia wa meli za mizigo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2020 tulibadilishiwa mafuta, yale mazito yenye salfa nyingi yakapigwa marufuku. Sasa mwenzangu mmoja ananiambia kwamba usafi huo ndio ulioipandisha joto dunia. Inawezekanaje kusafisha moshi kulete joto?

Swali hili ndilo lililonifanya niombe nafasi kubwa zaidi katika toleo hili. Wewe, baharia, umefanya kazi ndani ya jaribio kubwa la hewa ambalo binadamu walilifanya bila kukusudia.

Nianze na mng'ao. Kipande cha kioo kinapitisha mwanga. Kisage kiwe unga, na unga huo utakuwa mweupe usiopenyeka, ingawa ni kioo kile kile. Mwanga hurudishwa na nyuso za vipande, na ukigawanya kitu vipande vidogo, nyuso zinazidi. Wingu hufuata kanuni hiyo. Maji yale yale yakigawanywa katika vitone mara nane zaidi, upana wa kila kitone unapungua kwa nusu, na eneo la nyuso zote kwa jumla linaongezeka maradufu. Wingu linakuwa jeupe zaidi na kurudisha jua jingi zaidi angani. Mwanasayansi Sean Twomey alilieleza jambo hili katika miaka ya 1970, akaonyesha kwamba uchafuzi wa hewa unaweza kuipoza dunia kwa kuyang'arisha mawingu.

Meli zenu zilitoa ushahidi unaoonekana kwa macho. Katika miaka ya 1960, picha za setilaiti za kwanza za hali ya hewa zilionyesha mistari myeupe iliyochorwa juu ya mawingu ya bahari, mingine ikienda mamia ya kilomita. Ilikuwa njia za meli. Salfa iliyotoka kwenye mabomba ya moshi iligeuka kuwa chembe, chembe zikapanda hadi kwenye mawingu mapana ya chini, kama yale yanayotanda mbele ya pwani za California, Peru na Namibia, na kila meli ikaacha nyuma yake mstari wa vitone vidogo na vingi uliong'aa kuliko wingu la pembeni. Huenda ulikaa chini ya mstari kama huo mara nyingi bila kuujua, kwa sababu aliye chini huona kijivu tu. Weupe unaonekana na aliye juu.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilishusha kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Sababu ilikuwa afya, na ilikuwa sababu njema, kwa kuwa moshi wa salfa huwaumiza watu wa bandarini na wa pwani. Mistari ya meli katika picha za setilaiti ilipungua sana baada ya hapo. Kwa hiyo mwenzako amesema kweli katika nusu ya kwanza ya habari: kivuli kidogo kilichokuwa kikitandwa na meli kimeondoka, na sehemu ya jua iliyokuwa ikirudishwa sasa inafika baharini.

Katika nusu ya pili ametia chumvi. Makadirio mengi ya wanasayansi yanaupa mchango wa kanuni hiyo sehemu chache za mia za nyuzi moja ya joto. Wapo wanaoupa uzito mkubwa zaidi, na mjadala haujafungwa, lakini hata makadirio ya juu hayaufanyi kuwa chanzo cha ongezeko la joto ambalo limekuwa likijengeka tangu karne ya 19. Miaka ya 2023 na 2024 ilivunja rekodi za joto kwa sababu hewa ya ukaa na gesijoto nyingine, yaani gesi zinazozuia joto lisiondoke duniani, zimejazana, na El Niño, ile hali ya maji ya Pasifiki ya tropiki kupata joto kuliko kawaida, ikaongeza juu yake. Kusafishwa kwa moshi wa meli hakukuumba joto jipya. Kuliondoa pazia, na joto lililokuwa limefichwa nyuma yake likaonekana.

Ukubwa wa pazia zima, la nchi kavu na la baharini, umekadiriwa na jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya mwaka 2021. Chembe zote zinazotokana na shughuli za binadamu hupunguza nishati inayobaki duniani kwa takriban wati 1.1 kwa kila mita ya mraba, na sehemu kubwa ya upungufu huo, kama robo tatu yake, hupitia mawinguni. Hewa ya ukaa peke yake huongeza takriban wati 2.2. Kwa lugha ya joto, ripoti hiyo inasema gesijoto zingekuwa zimeipasha dunia nyuzi 1 hadi 2 za Selsiasi, na kwamba vitu vingine vinavyotokana na binadamu, hasa chembe hizi, vimepunguza kati ya sifuri na nyuzi 0.8. Utaona jinsi nafasi ya makadirio ilivyo pana. Ni pana kwa sababu mawingu ni magumu kuyapima. Wingu moja hubadilika ndani ya dakika, na mtu hawezi kuirudisha siku ile ile ili aone lingekuwaje kama moshi usingekuwepo.

Ndiyo maana matukio kama lile la Holuhraun huko Iceland yana thamani kubwa. Kuanzia Agosti 2014 hadi Februari 2015, ufa wa volkano ulitoa salfa nyingi katika hewa ambayo kwa kawaida ni safi, na setilaiti zikaona vitone vya mawingu katika Atlantiki ya Kaskazini vikiwa vidogo kuliko kawaida, kama Twomey alivyotabiri.

Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto wenye maradhi ya kifua. Nimesoma kwamba hewa chafu inaipoza dunia, na habari ile imenikasirisha. Je, kuna anayetaka kutuambia tuuache moshi uendelee?

Dada, hasira yako ina haki yake, na hakuna hesabu ya tabianchi inayoweza kuifuta. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu, ya ndani ya nyumba na ya nje, huchangia vifo milioni 7 vya mapema kila mwaka. Chembe zile zile zinazogeuka kuwa vitone mawinguni ndizo zinazopenya hadi kwenye mapafu ya watoto unaowahudumia. Kivuli cha namna hiyo kinalipiwa kwa pumzi za watu.

Pamoja na hayo, hata anayeangalia joto la dunia peke yake hapati faida katika kuuacha moshi, na sababu yake ni muda. Chembe za salfa hukaa katika hewa ya chini siku chache, pengine wiki moja au mbili, kisha mvua huziosha. Hewa ya ukaa iliyotolewa leo, sehemu yake kubwa itakuwepo kwa mamia ya miaka, na sehemu nyingine kwa maelfu. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa vyote viwili kutoka kwenye bomba moja. Kila mwaka unaowaka, kivuli chake kinabaki kile kile cha wiki moja, ilhali joto lake linarundikana juu ya lile la mwaka uliopita. Siku unapozimwa, kivuli kinaondoka ndani ya wiki na rundo linabaki. Anayetegemea moshi kuipoza dunia amejifunga kuuwasha bila kikomo, na kuuongeza mwaka hadi mwaka.

Isitoshe, kivuli hiki hakitandwi kwa usawa. Hutanda karibu na viwanda na kwenye njia za upepo, hivyo huvuruga mvua, kama nilivyomweleza mkulima hapo juu. Gesijoto huenea dunia nzima. Huwezi kuzilipa deni hizo mbili kwa sarafu moja.

Kinachotakiwa ni mpangilio wa hatua. Hewa inasafishwa tayari: Marekani na Ulaya zimepunguza salfa kwa miongo kadhaa, na China imeipunguza kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 2013. Kwa kuwa kila hatua ya namna hiyo inafunua joto kidogo, inafaa iende sambamba na kupunguza gesi zinazopasha na kuondoka haraka. Methani ni ya kwanza. Hudumu hewani takriban miaka 12, na kwa kipindi cha miaka 20 tani yake moja hupasha karibu mara 80 ya tani moja ya hewa ya ukaa. Kuziba mabomba ya gesi yanayovuja na kudhibiti majalala huleta nafuu ndani ya maisha ya mtoto aliyelazwa leo. Masizi nayo hufaa kupigwa vita mapema, kwa kuwa huumiza kifua na kupasha hewa kwa pamoja, na yakitua juu ya theluji huifanya iyeyuke upesi. Hewa ya ukaa yenyewe haina njia ya mkato, nayo lazima ikome kuongezeka.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba moshi una faida yake, muulize faida hiyo inadumu siku ngapi.

Je, mistari myeupe inayoachwa na ndege nayo huipoza dunia, kama ile ya meli?

Hapana, kwa jumla huipasha. Mstari wa meli ni wingu la chini la vitone vya maji, na kazi yake kubwa ni kurudisha jua. Mstari wa ndege huzaliwa juu sana, kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi, ambako mvuke wa injini huganda juu ya chembe za masizi na kuwa punje za barafu. Hewa ya huko ikiwa kavu, mstari hufutika mara moja. Ikiwa na unyevu wa kutosha, mstari hupanuka, hukaa kwa saa nyingi na kugeuka kuwa wingu jembamba linalopitisha jua jingi kuja chini, huku likizuia joto la ardhi lisiondoke. Mchana athari hizo mbili hupunguzana kwa kiasi fulani. Usiku hakuna jua la kurudisha, hivyo inabaki ile ya kupasha peke yake, na ndiyo maana watafiti wanachunguza kama ndege chache za usiku zinaweza kuelekezwa chini au juu kidogo ya tabaka zenye unyevu ili mistari hiyo isizaliwe kabisa.